Bendeji kwenye Mguu Mzima

Foleni ya chumba cha eksirei ilikuwa imefika kwenye ngazi: wazee wa migongo, kina mama na watoto waliodondoka, fundi aliyeangukiwa na tofali na bado anapiga soga. Katikati yao akajipenyeza kijana mrefu, kofia ya sweta imemfika puani, miwani ya jua ndani ya jengo. Kujificha gani huko? Foleni nzima ilikuwa inamtazama yeye.

Mpiga picha wa zamu, dada wa koti jeupe na hereni ndogo za buluu, alimlaza mezani.

"Daktari, picha hii asiione mtu," kijana akanong'ona.

"Mimi si daktari. Kazi yangu kupiga picha na kufunga mdomo. Vua soksi."

"Hunijui?"

"Nakujua. Wewe ni yule asiyetaka kuvua soksi."

Kijana akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza dada wa watu. Kumjua alimjua vizuri sana. Alikuwa Wembe, winga wa klabu kubwa, na nyumbani kwao jina hilo lililaaniwa kila chakula kikitengwa, kwa kuwa kaka yake alikuwa Komeo, beki wa timu ya watani wao.

Picha ikatoka na ufa mwembamba kama unywele kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Daktari wa hospitali akamwamuru apumzike. Wembe akaitikia kwa adabu zote, kisha akaenda mazoezini. Angemwambiaje kocha? Winga mpya alikuwa ameshaanza kuizoea nafasi yake, na kikosi cha mechi ya watani kilikuwa hakijatajwa. Mpiga picha alimwapia kwamba siri haitatoka kinywani mwake.

Kesho yake Wembe alirudi kudai kasahau miwani, nayo iko usoni. Simu zikaanza.

"Umekula, Daktari?"

"Nimekula. Wewe umepumzika?"

"Napumzika nikikusikia."

"Mguu hausikii maneno matamu, mpenzi."

Siku chache kabla ya mechi Wembe aling'ang'ania kwenda kujitambulisha kwa kina mpiga picha.

"Subiri mechi ipite," mpiga picha alimsihi.

"Tukishinda, kaka yako ataona nimekuja kumcheka. Acha nije sasa."

Akaja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, ananukia ukumbi mzima. Mama mtu alifurahi, hata akamwita mwanangu. Komeo alisema machache, lakini hakumkosea heshima, na mgeni alipoaga alimsindikiza hadi chini.

Wembe akatajwa kikosi cha kwanza. Siku ya mechi mpiga picha alikaa jukwaani, moyo uko mkononi, akaona bendeji nene juu ya soksi ya mguu wa kushoto. Akaelewa pale pale. Ni ujanja wa wachezaji: unafunga mguu mzima, maadui wanauandama huo, ule mbovu unasalimika. Na kweli mabeki waliushambulia wa kushoto kipindi chote cha kwanza, Wembe anaanguka, anainuka, anajipangusa nyasi.

Kipindi cha pili akamfikia Komeo. Komeo aliiacha bendeji kama hakuiona. Aliteleza chini, akapitia mpira na mguu wa kulia kwa pamoja. Mlio ule aliusikia hata aliyekaa mbali. Refa akatoa kadi ya njano, machela ikaingia. Ilipopita chini ya jukwaa, Wembe alimtafuta mpenzi wake kwa macho, akamtazama kama mtu anavyomtazama aliyemwibia.

Jioni simu ikalia.

"Ukimtoa daktari wa hospitali, siri ya mguu huo tuliijua mimi na wewe tu," alisema Wembe.

"Sikusema, naapa."

"Kaka yako kaufuata kama kaonyeshwa kwa kidole. Damu nzito kuliko maji, naelewa. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nisikilize, tafadhali..."

Simu ikakatwa. Aliumia, na zaidi ya kuumia alikasirika. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa kaka yake, akamkuta ameweka barafu gotini.

"Nani alikwambia, kaka?"

"Yeye mwenyewe. Siku ile nilipomsindikiza, kila ngazi ya kushuka alitanguliza wa kulia, wa kushoto unafuata, kama ashukavyo mwenye mguu mbovu, mkono haubanduki kwenye reli. Leo kafunga wa kushoto. Mimi ni beki, dada. Nalipwa kutazama miguu ya watu."

"Ukaamua kumvunja."

"Nikaamua asipite. Angepita, benchi ningekaa mimi. Kazini sina shemeji."

"Na nyumbani?"

Komeo akainama. "Kamati ya nidhamu inataka taarifa ya daktari wa klabu yake. Akiandika nimevunja mguu usio na kasoro, nafungiwa msimu. Nipe namba ya Wembe, nimweleze kuhusu ngazi, ajue hukusema."

"Sikupi. Asiponiamini mimi, asikuamini wewe."

Asubuhi klabu ilimleta Wembe kwenye kiti cha magurudumu. Mpiga picha angeweza kumwita mwenzake ashike zamu. Hakumwita. Alimshika mguu taratibu, akaupanga mezani. Wembe alitazama dari.

"Kaka yako kanitafuta kwa watu mpaka kanipata. Kaniambia kuhusu ngazi. Nisamehe."

"Mimi nilikwambia sikusema, ukanikatia simu. Aliyekuvunja kakwambia, ukamwamini. Tulia, napiga."

Picha ikatoka, ufa umekuwa mpasuko. Daktari wa klabu akaingia, akaikodolea macho.

"Mguu huu ulikuwa na tatizo kabla ya jana?" Akamgeukia mpiga picha. "Wewe ulishawahi kumpiga picha?"

Neno moja tu, na kaka yake amepona. Alilimeza. Alikuwa ameapa.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Mguu ni wake."

Wembe akaacha dari, akamgeukia. Akikaa kimya naye, klabu ingemuuguza kama shujaa na kumwekea nafasi yake.

"Ulikuwa na ufa," alisema. "Nikauficha. Andika hivyo hivyo."

"Unajua kocha atafanya nini?"

"Najua."

Daktari akatoka na simu. Sauti ya kocha ilisikika hata mlango ulipofungwa: mwongo huyo asimwone tena kwenye kikosi chake. Wembe akafunga macho.

Mpiga picha akavuta kigoda, akakaa, akamshika mkono.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Nitakasirika siku nyingi."

"Nitasubiri. Mguu wenyewe unauona, nitakwenda wapi?"

Mpiga picha akacheka bila kutaka, na machozi yakamwagika mikononi mwao wote wawili. Hakuna aliyeyafuta.