Mkanda wa Tatu wa Profesa Hatanaka

Saa nane na dakika kumi mchana, Oktoba 1984, katika ukumbi wa mji wa Kanazawa, Kinue Asahina alifungua kopo la mkanda wa tatu wa filamu yake akalikuta tupu. Filamu ilimhusu Profesa Hatanaka, bingwa wa matetemeko ya ardhi. Ilimchukua Kinue miaka minne, na nakala ilikuwa hiyo moja tu. Saa tisa waamuzi wa tuzo ya filamu za sayansi wangeitazama, na filamu pungufu huondolewa.

Onodera, polisi mstaafu aliyelinda ukumbi, aliitwa. Njiani profesa alimsimamisha.

"Samahani, onyesho saa ngapi?"

"Saa tisa, Mwalimu," Onodera alijibu, mara ya tatu tangu asubuhi.

Chumba cha projekta huingiwa kwa soksi, kuepuka vumbi. Nje ya mlango wake palikuwa na ndara za kijani za chooni.

"Ni Kuwabara huyo," Kinue alisema. "Filamu yake ya roboti inashindana na yangu."

Walimkuta Kuwabara kwenye ngazi, amevaa ndara za kahawia za wageni.

"Mkanda wa tatu umeibwa. Ulipita huku juu?" Onodera aliuliza.

"Nilipita, mzee, namtafuta fundi. Sasa mimi niibe nini? Si angeonyesha tu zile dakika mbili za mkanda huo, profesa kasimama kimya ubaoni, watu wakalala wenyewe?"

"Hizo ndizo bora kuliko zote," Kinue alisema kwa hasira. "Ni mtu anafikiri."

Onodera alikwenda chooni, ambako kila mtu huacha ndara zake za kahawia mlangoni na kuvaa za kijani za humo ndani. Kizingitini ilibaki jozi moja ya ndara za kahawia, ikimngoja mwenyewe. Huku hata mtoto wa miaka mitatu hatoki na ndara za chooni. Mtu mzima aliyesahau hilo alikuwa anasahau mengi. Onodera alitamani awe amekosea.

Saa tisa kasoro dakika kumi yeye na Kinue walimkuta profesa kiti cha mbele, miguu yake ina soksi tupu.

"Mwalimu, mkanda umeuchukua wewe."

Profesa hakubisha. Alimtazama Kinue. "Sikuwa nafikiri, binti yangu. Jina la mashine niliyoiunda mwenyewe lilinitoka. Dakika mbili nzima nalitafuta. Wewe hukujua, lakini wenzangu wote wamo humu leo. Wangejua."

Kinue alipiga magoti. "Nitazikata, Mwalimu. Nipe tu mkanda."

"Nataka kukupa. Tangu nilipokaa hapa nataka kukupa." "Niliuficha vizuri sana. Sikumbuki wapi."

Onodera alikuwa amewahoji watu miaka thelathini. Safari hii mahojiano hayangesaidia. Walipekua chini ya viti, nyuma ya pazia, kwenye kabati la mafagio. Hawakuona kitu. Waamuzi waliingia, wakakaa, wakafungua daftari zao.

Kinue alirudi akaketi kando ya profesa, mikono mitupu. Mzee alimgeukia kwa adabu, akainamisha kichwa.

"Samahani, onyesho saa ngapi?"

"Saa tisa, Mwalimu," Kinue alimjibu.