Ndizi Isiyo na Kidonge

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Mboni alifagia uwanja, akateka maji bombani, kisha akampa mdogo wake Mwaija dawa. Mama yao, Bi Sihaba, alikuwa ameshatoka kuuza maandazi sokoni Mwanza. Mboni alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye ndiye aliyeachiwa nyumba.

Mapema Novemba mwaka 1961, Mwaija aliamka uso umekwenda upande. Mdomo ulivutwa kushoto, jicho la kulia halikufumbika, na uji ulimchuruzika kidevuni. Majirani walisema amepigwa na upepo mbaya wa ziwani, wakashauri achanjwe chale na mganga. Bi Sihaba hakuwasikiliza, akampeleka hospitali siku ile ile. Daktari Mihayo alieleza kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha uso umevimba nyuma ya sikio, akampa vidonge vya kotizoni vya kupunguza uvimbe. Alionya kwamba vimezwe kila siku baada ya kula, wala visikatizwe mpaka yeye mwenyewe aseme. Kwa kuwa vilikuwa vichungu, mama alimfundisha Mboni kuvificha ndani ya kipande cha ndizi mbivu.

Basi shule yao ilikuwa ikijiandaa kuimba siku ya Uhuru, na kiongozi wa nyimbo alikuwa Mwaija. Mdomo ulipopinda, Mwalimu Tereza alimweka Mboni mahali pake. Mboni alifurahi, tena bila haya. Tangu utotoni alikuwa akisikia "Mwaija ana sauti, Mwaija ana sauti" mpaka masikio yakachoka. Na hata katika ugonjwa, yai lilikuwa la Mwaija, maziwa yalikuwa ya Mwaija, na mkono wa mama ulikuwa shavuni kwa Mwaija. Mboni aliona wivu.

Siku ya tano mdomo wa Mwaija ulianza kucheza kidogo. Mwalimu Tereza alisema akipona atarudi mbele. Kesho yake Mboni alimpa ndizi tupu, na kidonge akakifukia kwenye majivu jikoni. Siku iliyofuata alifanya vivyo hivyo.

Siku ya tatu ya ndizi tupu, Mwaija alimeza kipande chake, akamgeukia kwa furaha.

"Dada, siku hizi dawa si chungu tena. Nadhani ninapona."

 Mboni alitoka mbio mpaka sokoni, na pale pale mbele ya wateja akamweleza mama kila kitu huku akilia. Bi Sihaba hakumpiga. Alimwachia jirani maandazi, akawachukua wote wawili hospitali.

Daktari Mihayo alikunja uso. Alisema watoto wengi hupona, lakini dawa hiyo husaidia zaidi inapoanza mapema na kutumiwa bila kuruka, na kuikatiza ovyo ni hatari.

"Umefanya vibaya sana, binti," alimwambia Mboni. "Lakini umesema mapema. Ungenyamaza, nisingejua la kufanya."

Vidonge vilianza tena siku hiyo, mpaka daktari alipovipunguza kidogo kidogo. Safari hii Mboni alimwonyesha Mwaija kila kidonge kabla ya kukificha. Mwaija alinuna kwa siku mbili, kisha akaanza tena kumwita dada.

Siku ya Uhuru uso wa Mwaija ulikuwa umenyooka, na yeye ndiye aliyeongoza nyimbo. Mboni aliimba safu ya pili. Watu walipompigia Mwaija makofi, wivu ukamrudia Mboni. Jioni alimwambia mama yake ukweli huo kwa sauti ndogo, akiona aibu.

Bi Sihaba alimvuta karibu, akamwekea mkono shavuni.

"Mwanangu, wivu utakujia tena, hata ukiwa mtu mzima kama mimi. Ukija, njoo uniambie kama ulivyofanya leo. Kuuhisi si kosa. Kosa ni kuupa kazi ya kufanya."