Tarakimu za Marehemu Thygesen

Tarakimu ya kwanza ilikuwa 431, nayo haikumshtua mtu ila Torkild Ravn.

Torkild alikuwa amepima damu katika maabara ile ya hospitali ya Jutland kwa miaka thelathini na minane. Damu ya Jumatatu ile ilikuwa ya dada yake, Ragna, aliyebadilishwa vali, kilango cha damu ndani ya moyo, siku tatu kabla. Alipima troponini, protini ambayo misuli ya moyo huivujisha inapoumia. Baada ya upasuaji hupanda, kisha hushuka. Ya Ragna ilikuwa imeshuka vizuri. Lakini Torkild aliandika kila kipimo katika daftari lake, na 431 aliikumbuka. Ilikuwa ya Aksel Thygesen, aliyelala kitanda kilekile wiki iliyotangulia, akafia hapo.

Jioni damu ya Ragna ikatoa 612. Ya Thygesen ilikuwa imetoa 612. Jumanne asubuhi, 907. Ya Thygesen, 907.

Akaisafisha mashine, akarudia mara tatu. Mashine ilikuwa nzima. Akapiga hesabu: tarakimu moja kulingana kwa bahati ni mara moja katika elfu, tatu mfululizo, mara moja katika elfu milioni. Daftarini zilibaki 1,388, 2,146 na 3,390. Baada ya hiyo ya sita Thygesen hakupimwa tena.

"Nimeutazama moyo wake kwa ultrasaundi leo," alisema daktari Krarup bila kuinua macho. "Unasukuma asilimia sitini ya damu yake kila pigo, ndiyo kawaida. Mzima kama wa farasi."

"Damu inasema vingine, daktari."

"Basi damu yako ni mwongo. Zimebaki wiki ngapi ustaafu, Bwana Ravn? Tatu? Nenda kapande waridi, moyo niachie mimi."

Chumba cha nne, alikolazwa Ragna, kilinuka tumbaku ya kiko.

"Kaka," Ragna alinong'ona, "mwambie aache kugonga."

Torkild akainama. Tik. Tik. Sauti ya chuma juu ya chuma, nayo ilitoka kifuani mwa dada yake.

"Nimewekewa vali ya nguruwe," Ragna akajaribu kucheka. "Nikikoroma, sawa. Lakini kulia kama saa?"

Ukumbini Torkild alimkamata mkono Gudrun, muuguzi wa zamu.

"Nani alikuwa na vali ya chuma?"

"Thygesen, yule mzee wa kiko. Ungemsikia ukiwa mlangoni."

"Na alipokufa ulifungua dirisha?"

Gudrun akainamisha uso. "Miaka ishirini na miwili nimewafungulia wote, roho zipate njia. Lakini jengo hili jipya, Torkild! Madirisha hayafunguki, hayana hata komeo. Niliweka kiganja kwenye kioo, nikamwomba radhi."

"Alisema neno?"

"Mzee mwenye roho mbaya yule, alitutukana mpaka pumzi ya mwisho. Alisema, 'Nisipotoka mimi humu, hatoki mtu.'"

Jioni hiyo ikaja 1,388. Jumatano asubuhi, 2,146. Krarup hakutania tena: moyo ulisukuma asilimia thelathini, wala hapakuwa na mshipa ulioziba. Walijaribu mara mbili kumhamishia Ragna chumba kingine, na mara zote mbili, magurudumu ya kitanda yalipogusa kizingiti, mapigo yake yalisimama, yakarejea aliporudishwa ndani.

Saa nane mchana Torkild aliingia na mtungi wa kuzimia moto.

"Utafukuzwa kazi!" Gudrun alinong'ona.

"Zimebaki wiki tatu. Sogea."

Akasimama kati ya kitanda na dirisha, akapiga, na kioo hakikuvunjika, ila ule mlio wa chuma ukaongeza kasi nyuma yake, na harufu ya tumbaku ikamjaa kooni hata asipate pumzi, na Ragna akafungua kinywa na kutoa sauti nzito ya mzee, yenye matusi ambayo hakuwahi kuyatamka maishani mwake, naye Torkild akapiga tena, na tena, mikono ikimtoka damu, mpaka kioo kikapasuka toka juu hadi chini, na kitu baridi kama maji ya kisima kikamgonga mgongoni kikielekea nje.

Kimya. Theluji ikaingia chumbani.

"Baridi, jamani," alisema Ragna kwa sauti yake mwenyewe. "Nani kavunja dirisha?"

Kipimo cha sita kilikuwa 804. Cha saba, 390. Baada ya siku kumi Ragna alikwenda nyumbani kwa miguu yake.

Siku yake ya mwisho kazini, Torkild aliijaribu mashine kwa damu yake mwenyewe, kama alivyofanya kila mwezi. Siku zote ilitoa sita, au saba. Alisoma tarakimu, akaifuta miwani, akasoma tena. Akaandika daftarini: 431.

Kesho yake Ragna alimletea keki ya kustaafu, akakuta madirisha yote ya nyumba yako wazi na kaka yake ameketi katikati ya sebule na koti lake, hatikisiki.

"Kaka, una wazimu? Januari hii!" Akayafunga moja baada ya jingine, akimkemea, mpaka nyumba ikatulia. Kisha akainua kichwa, akasikiliza.

"Na saa hiyo," akauliza, "umeinunua lini?"