Alichosema Kabla ya Wimbo wa Nne

— Kaa chini, Makuach. Wimbo wa nne unaanza.

— Adhieu, nimechoka. Tutasikiliza kesho.

— Nimesema kaa.

Makuach akakaa. Asubuhi mkewe alikuwa akicheka peke yake jikoni, sasa amekuwaje? Jumamosi ndoa yao ya kimila, ya miaka kumi, ilikuwa ibarikiwe kanisani, na Lagu, mpiga ngoma wa zamani, alikuwa amemtumia Adhieu zawadi kwa WhatsApp kutoka Eldoret:

"Shemeji, nimeipata! Ile shoo ya hotelini huku Eldoret, 2016. Ilikuwa kwa flashi ya marehemu fundi wa sauti. Msikize mzee akipiga piano!"

Kila mtu alijua rekodi hiyo ilipotea. Jazi yao ya watu watatu, Makuach kwenye piano, Lagu kwenye ngoma, na mwenzao aliyeitwa Albino kwenye besi, ilirekodiwa mara hiyo moja tu, kisha Albino akafa. Adhieu hakuwahi kumsikia mumewe akipiga mbele ya watu. Alifurahi kama mtoto, mpaka alipofika wimbo wa nne.

Sasa simu ilikuwa mezani, nyumbani kwao mtaa wa Hai Malakal, Juba. Makofi yakatulia. Sauti ya Makuach ikasikika:

"Kabla hatujapiga hii, nimepigiwa simu saa hizi kutoka Juba. Mtoto wangu Akur amekufa. Alikuwa na miaka miwili. Hii ni yake."

Viti vikasikika vikisukumwa. Watu walikuwa wanasimama. Kisha piano ikaingia polepole, na jamani ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulificha.

Adhieu akaizima.

— Uliniambia vita ilikata mtandao. Uliniambia ulijua baada ya wiki tatu!

— Niliogopa.

— Uliogopa nini?

— Wewe. Ulinikataza kusafiri. Ulisema mtoto ana homa, nikaenda. Ningekupigia niseme nini?

— Ungesema pole! Malith aliapa alikupigia na ukashika. Nikamwita mwongo mbele ya mama. Ndugu yangu wa tumbo moja! Miaka minane siongei na yeye, nakutetea wewe.

— Malesh, Adhieu. Nisamehe. Tufute hii kitu, Jumamosi tuanze upya.

— Hakuna Jumamosi. Kalas. Na haifutwi. Hiyo ndiyo matanga pekee ulimfanyia mwanangu, na ukawafanyia wageni wa hoteli.

Makuach akaanza kulia. Adhieu hakumwangalia. Alichukua simu, akatafuta namba ambayo hakuwahi kuwa na moyo wa kuifuta. Ilipokewa haraka.

— Adhieu? — Malith aliuliza kwa hofu. — Nani amekufa?

Mwanamke wa watu hapo ndipo alipovunjika.

— Akur, — alisema. — Akur amekufa, Malith. Njoo.