Binti Nakupa, Mbwa Hapana

— Binti nakupa, akasema baba. Mbwa, hapana.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshika sinia la kahawa. Ya Selami niliitia chumvi, kama wachumba wanavyofanyiwa kwetu Kangal, Uturuki, ili nione atainywa kwa uso gani. Nikasogea hatua moja karibu na mlango nisikie vizuri.

Dakika chache kabla, Bi Münevver, mama yake Selami, alikuwa ametamka maneno ya posa kwa sauti nzuri:

— Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kwa neno la Mtume wake, tunamwombea mwanangu binti yenu Feride.

Baba akajibu bila hata kukohoa:

— Kama Mungu ameandika, mimi ni nani wa kufuta?

Basi. Nikawa nimetolewa, kwa pumzi moja tu. Machozi ya furaha yakanijia, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndipo nikamsikia Selami, akimwita baba ami kwa heshima, akisema:

— Ami Durmuş, naomba na mtoto mmoja wa Poyraz. Feride anampenda sana.

Poyraz ndiye dume letu la kulinda kondoo. Kichwa chake kinafika kiunoni mwangu, shingoni ana ukosi wa chuma wenye miiba kwa ajili ya mbwamwitu. Ni kweli nilimwambia Selami kwenye simu kwamba siondoki kijijini bila mtoto wa Poyraz.

— Unawajua mbwa hawa? baba akauliza.

— Nawaona tangu utoto, ami.

— Hata mwezi unauona tangu utoto. Mbwa huyu ukimwambia njoo, anafikiri kwanza. Akiona hakuna sababu, haji. Utamfanya nini?

— Nitamfundisha.

— Atakufundisha yeye. Mgeni akija usiku?

Bi Münevver akaingilia:

— Bwana Durmuş, mimi nitakuwa nakwenda pale kwa mwanangu. Niliwe kwa sababu nimesahau kubisha hodi? Na nyumba yenye mbwa malaika hawaingii.

— Huyu halali ndani, dada yangu. Analala nje hata theluji ikimfunika. Mchana atakuwa na nani?

— Na Feride, akasema Selami.

— Feride si ulisema atafanya kazi kwa daktari wa mifugo?

— Ndiyo... jioni basi. Jioni tutakuwepo.

— Mbwa asiye na kondoo hujichagulia cha kulinda. Atalinda ngazi, atalinda gari la jirani, atamlinda mkeo dhidi yako wewe. Ukuta wa bustani una urefu gani?

Nilisikia kijiko kikigonga sahani.

— Nimeuliza ukuta, mwanangu.

— Bustani haipo tena, ami. Nyumba ile mjomba ameiuza. Nimepanga fleti. Ghorofa ya nne.

Sinia likanilemea. Mwaka mzima nimesimuliwa bustani hiyo ya Sincan, nje ya Ankara: mti wa tufaha utakapokaa, kamba ya nguo itakapofungwa, hata kona ya mbwa. Nimelala nayo na kuamka nayo. Na leo naijua habari yake kwa sababu ya mtoto wa mbwa.

Nikaweka sinia juu ya jiko, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Selami alinikuta zizini. Poyraz alikuwa amelala njiani katikati yetu, kama gunia la sufu lenye macho.

— Feride, nisikilize.

— Ulijua lini?

— Tangu majira ya baridi.

— Na ungeniambia lini?

— Baada ya harusi. Nilidhani... ungezoea.

— Ningezoea.

— Nilisema vibaya.

— Umesema vizuri sana. Pita hapa useme tena karibu yangu.

Akamtazama Poyraz. Poyraz akamtazama yeye. Selami hakusogea.

— Mwite basi, akaniambia.

— Poyraz, njoo.

Mbwa akapiga mwayo, akabaki palepale.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikujua kipi kitangulie. Nikaingia ndani kwa kuzunguka zizi. Walipoondoka, maua na boksi la chokoleti walivyoleta vilibaki mezani. Hakuna aliyerudisha, hakuna aliyefungua. Bi Münevver aliaga kwa kunibusu mashavu yote mawili, akaninong'oneza:

— Wewe mwanangu, sasa tununue kitambaa cha harusi au tusinunue?

— Sijui, mama.

Kweli sikujua. Nilikuwa nimeposwa au sijaposwa? Nilimkasirikia Selami aliyenidanganya, au baba aliyenitoa kama mtu anayempa jirani ndoo ya kuazima? Nilipoletewa meseji nilizisoma zote, sikujibu hata moja.

"Feride naomba unisamehe. Niliogopa utakataa."

"Feride sema lolote."

"Hata tusi."

Niliswali, nikaomba Mungu anionyeshe njia. Wengine huota ndoto. Mimi niliota naosha vyombo.

Asubuhi nilimkuta baba anawakandia mbwa unga wa shayiri kwa mikono, na mtindi wa maji. Nikasimama mbele yake.

— Baba, nina neno.

— Sema, mwanangu.

— Kwa ajili ya mbwa umeuliza ukuta, umeuliza wageni, umeuliza mchana atakuwa na nani. Kwa ajili yangu hukuuliza hata moja. Mimi ni rahisi kuliko mbwa?

Baba aliendelea kukanda. Halafu akafuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo marehemu mama alilikataza.

— Mbwa hana mdomo, Feride. Nisipomuulizia mimi, nani atamuulizia? Wewe mdomo unao. Miezi yote hiyo unacheka na simu, nikadhani humo ndimo unamouliza.

— Nilikuwa simuulizi kitu, baba. Nilikuwa namsikiliza tu.

— Ehe.

— Sasa nifanye nini?

— Mimi najua mbwa, akasema. Akamsogezea Poyraz sufuria.

Nilichanganyikiwa zaidi kuliko jana. Hasira yangu ilikuwa imekosa pa kukaa. Kwa baba haikukaa tena, kwa Selami haikutosha yote, na iliyobaki ilikuwa yangu mwenyewe, nami sikuizoea. Nikakaa kwenye jiwe la zizi, nikasema bismillahi, nikapiga simu. Ilipokelewa kabla haijalia.

— Feride?

— Usiombe msamaha. Jibu tu. Mchana nitakuwa na nani?

— Na... kazini. Yule daktari bado anakungoja, nimemuuliza tena. Hilo ni kweli, wallahi.

— Mama yako atakaa na sisi?

— Sijui.

— Hujui?

— Hajasema, na mimi naogopa kumuuliza. Hilo ndilo jibu la kweli.

Ajabu, neno hilo "sijui" lilinituliza kuliko bustani yote.

— Ukiniita, nikafikiri kwanza, nikaona hakuna sababu, nisije. Utanifanya nini?

Nikasikia lifti ikiguruma nyuma yake. Selami ni fundi wa lifti, hushinda ndani ya mashimo yake.

— Nitakasirika, akasema. Halafu nitakuuliza kwa nini. Naomba tu usinilazimishe kuruka moja kati ya hayo mawili. Na mimi nikuulize?

— Uliza.

— Unamjua mtu unayemtaka? Mimi naogopa mbwa, Feride.

— Mbwa gani?

— Mbwa wote. Poyraz nikimuona, natafuta mti wa kupanda. Jana nimekaa mbele ya baba yako naomba mnyama ambaye nikikutana naye kwenye ngazi nitalala kwa mama.

— Sasa ulimuombea nini?

— Ulisema huondoki bila yeye. Nikaona kama bustani imekwenda, angalau mbwa asikosekane.

Nikacheka hadi baba akageuka kuangalia. Kisha nikalia kidogo. Kumbe na mimi nilikuwa nimempa sharti bila kumuuliza kama analiweza.

— Usinidanganye tena ili nikae, nikamwambia. Niambie kweli niamue.

— Sawa.

— Bado sijaamua.

— Sawa, Feride. Nipo.

Alitumia juma moja kutafuta nyumba, na kila aliyoiona alinitumia picha yake jinsi ilivyo, hata yenye choo kibovu. Nyingine alizikataa yeye, nyingine mimi. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, walirudi. Selami aliingia kwa kuzunguka zizi.

Safari hii sikukaa jikoni. Nilileta kahawa, nikagawa, nikaketi. Bi Münevver akafungua kinywa kutamka maneno yake, baba akainua mkono kwa heshima.

— Dada yangu, mara hii usianze kuniuliza mimi.

Wote wakanitazama. Selami akameza kahawa. Niliitia chumvi tena, na uso wake ulisema hivyo.

— Umepata nyumba wapi? nikamuuliza.

— Kuleule Sincan. Nyumba ya chini, vyumba viwili. Jua linaingia asubuhi tu. Jirani wa juu anapiga zumari.

— Na bustani?

— Ipo, akasema. Akaangalia sakafu, akaonyesha kwa mkono zulia letu, akaongeza: Kama hili. Pengine pungufu kidogo upande wa dirisha.

Baba alilitazama zulia kwa makini, kona hadi kona, kama anavyotazama malisho.

— Kwa mbwa haitoshi, akasema.

— Haitoshi, ami, Selami akakubali haraka mno.

Nje Poyraz alibweka mara moja, akaacha. Nilijua nitamkosa. Moyo haukuwa wazi kama nilivyoomba, ila ulikuwa umetulia kiasi cha kuweza kusimama juu yake.

— Kwangu inatosha, nikasema. Kwa sasa.

Baba akavuta boksi la chokoleti lililokaa mezani juma zima, akalifungua.