Mrija Ulionyweshwa Maji

"Ndizi zimeiva."

Ilikuwa sauti ya Kanali Tamayo kwenye simu, kavu kama kawaida yake.

"Nani anazila?"

"Daktari. Yuko maabara na mlinzi mmoja. Ingia."

Narcisa Quiñónez alikata simu, akakanyaga mafuta. Chevrolet D-Max ilirukia tuta la kwanza la mji wa Machala, ikaligonga la pili, mwenye pikipiki akamtukania mama yake. Hakumjibu.

Kiunoni alikuwa na bastola ya Glock. Kwenye kiti cha pembeni ilikuwepo chupa ya chai isiyo na chai. Ndani yake alikuwa ameficha mtungi mdogo wa chuma, na ndani ya mtungi ile gesi aliyoinyonya asubuhi bandarini Puerto Bolívar, kwenye kontena la baridi, akijifanya wakala wa bima.

Alikuwa na hasira ya kutafuna misumari.

Mwezi uliopita kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza kontena kama hilo, ilimlipukia fundi Lenin Zambrano mikononi. Kampuni ya ndizi ikatangaza kwamba marehemu aliwasha sigara kazini. Sigara! Lenin alikuwa mlokole, hata kahawa alikuwa akiinywa kwa kujishuku. Puerto Bolívar nzima ilijua hivyo, na Puerto Bolívar nzima ikafyata mkia, kwa sababu kampuni ndiyo inayolisha watu pale.

Sasa makontena mengine yaliyojazwa gesi ile ile yalikuwa yamepangwa gatini, yamegoma kupoa, na meli inasubiri. Mafundi walikuwa wameamriwa kuzifungua kompresa mara baada ya chakula cha mchana. Wa kwanza kwenye zamu alikuwa Wilmer, mdogo wake Narcisa, tumbo moja.

Alikuwa amempigia asubuhi.

"Wilmer, usiguse hizo kompresa."

"Dada, wewe unauza bima. Mimi nimewahi kukufundisha bima?"

"Nisikilize."

"Gesi imepimwa, cheti kipo, kina muhuri. Nisipofungua nitafukuzwa, halafu nitauza nini hapa? Ndizi? Nani Machala ananunua ndizi?"

Akacheka, akakata. Hakujua dada yake anafanya kazi gani hasa. Idara ya ujasusi ilikataza asijue, na siku hiyo Narcisa aliilaani idara, sheria zake na aliyeziandika.

*

Mlinzi alikuwa mlangoni, mtu wa Ulpiano Cabrera, yule mlanguzi aliyekuwa akipitisha gesi bandia mpakani Huaquillas. Alikuwa mtu wa miraba minne mwenye miwani ya jua.

"Imefungwa, mrembo. Njoo Jumatatu."

"Nimeleta chai."

Chupa ilimpata chini ya sikio. Alipojaribu kuchomoa bastola, goti lilimfika mahali ambapo hakuna mwanamume anayejadiliana. Narcisa alimfunga pingu kwenye bomba la maji, akamvua miwani, akaingia ndani.

Daktari Eduardo Landívar, mkuu wa maabara hiyo na mtia saini wa cheti, alikuwa anakunywa supu ya samaki na muhogo. Aliiona Glock. Kijiko kikabaki hewani.

"Endelea kula," Narcisa alisema. "Mimi nataka mashine tu."

"Mashine ipi?"

"Ile iliyokupa ugali, Daktari. Ya kuchambua gesi."

Kabla ya ujasusi Narcisa alisomea kemia Guayaquil, na idara ilimchukua kwa sababu hiyo. Aliijua mashine ile. Ndani ya tanuri yake umeviringishwa mrija mwembamba kama uzi, ukuta wake wa ndani umepakwa unga mkavu. Ukipitisha gesi mchanganyiko humo, unga unazinasa zote, kisha unaziachia moja moja, kila moja kwa wakati wake. Kwenye skrini kila gesi inachora kilima chake. Gesi mbili, vilima viwili. Mashine haina shemeji wala haina bosi.

Alipitisha gesi ya kontena.

Kilima kimoja. Kizuri, kimenyooka, na kimetoka mapema mno.

"Umeona?" Landívar alisema, akijifuta mdomo. "Gesi safi ya majokofu. Kama kwenye cheti."

"Mrija huu umeunywesha maji."

"Unasema nini?"

"Unga ukishiba maji haunasi kitu. Gesi mbili zinatoka zimeshikana mikono, wewe unaziita moja, unapiga muhuri. Ulidunga maji kwa sindano au ulikuwa na njia ya kistaarabu zaidi?"

Landívar aliisukuma supu kando. Tundu za pua zilimcheza.

Narcisa alitoa mfukoni mrija wake mwenyewe, umekaushwa, ncha zimezibwa. Akaung'oa wa Landívar, akafunga wake, akasubiri tanuri ipate moto. Mlangoni mlinzi alikuwa anaapiza kwa majina ya watakatifu.

Akapitisha gesi tena.

Kilima cha kwanza kilipanda, kikashuka. Kimya. Kisha cha pili, kirefu kuliko cha kwanza.

"Kloridi ya methili," Narcisa alisema. "Inaila alumini ya kompresa polepole na kutengeneza kitu kinachowaka kikikutana na hewa. Hakihitaji kiberiti. Hakihitaji sigara, mwanaharamu wewe."

Alipiga picha ya skrini, akaituma, akapiga simu.

"Kanali, nimepata. Simamisheni kazi gatini."

"Kampuni inataka amri ya jaji. Jaji yuko chakulani."

"Mpaka lini?"

"Jioni, pengine. Binti, kuna utaratibu."

"Mafundi wanafungua sasa hivi."

"Najua. Hata mimi inaniuma."

"Haikuumi vya kutosha," alisema, akakata.

Alimpigia Wilmer. Simu iliita, haikupokelewa. Mafundi huacha simu kwenye makabati wakiwa kazini.

Akamshika Landívar ukosi.

"Vaa viatu. Tunakwenda kazini."

*

Getini alionyesha kitambulisho ambacho hakikupaswa kuonyeshwa hadharani. D-Max ilipita katikati ya makontena ikipiga honi. Wilmer alikuwa amechuchumaa mbele ya kompresa, spana mkononi, wenzake wamemzunguka.

"Wilmer! Acha!"

"Dada? Jamani, hebu..." Aliona bastola mkononi mwa dada yake.

Msimamizi wa kampuni alikuja mbio, tumbo mbele. "Nani amekuruhusu? Gesi hiyo ina cheti!"

"Inacho," Narcisa alisema. "Na mwenye cheti nimekuja naye."

Alichukua spana mkononi mwa Wilmer, akaitia kwenye kiganja cha Landívar, akakifumba kwa mkono wake.

"Fungua, Daktari. Gesi ni safi. Umesaini mwenyewe."

Landívar aliitazama kompresa. Jua lilikuwa linawaka utosini, jasho likamtiririka hadi kidevuni. Hakusogea.

"Fungua," fundi mmoja alisema.

"Siwezi."

"Kwa nini?" Narcisa aliuliza. "Sema kwa sauti, wenzako wasikie."

"Itawaka."

Spana ilianguka chini. Msimamizi alirudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyemngoja jaji tena, mafundi walianza kutupa glavu chini mmoja mmoja.

"Na Lenin?" Wilmer aliuliza. "Ulijua?"

"Waliniambia hazitafunguliwa hapa. Waliniambia zitaharibikia Ulaya huko, kwa watu wengine..."

Mafundi walimwendea. Narcisa alisimama kati yao, na kumlinda mtu yule kulimchefua kuliko yote aliyofanya siku hiyo.

"Ana ya kusema mahakamani. Akifa, Ulpiano anapona. Rudini nyuma, kaka zangu, tafadhali."

Walirudi, kwa shida.

Redio ya Motorola kiunoni mwake ikakoroma, ikimwita kwa jina lake la siri. "Garza, hapa Huaquillas. Ulpiano tunaye. Alikuwa amejificha chini ya turubai la lori la magodoro."

"Nimesikia. Mpeni maji, msimpe kingine."

Alimfunga Landívar pingu, akamkabidhi kwa askari wa bandari, akavaa ile miwani ya mlinzi. Kisha akamgeukia mdogo wake. Wilmer alikuwa bado amechuchumaa palepale, ameikodolea macho kompresa.

"Dada," alisema. "Nilikuwa nimeshalegeza boliti mbili."

Narcisa aliokota spana, akampa.

"Zikaze," alisema, akatembea kuelekea kwenye gari bila kuharakisha.