Mila Aliyoileta Marlena

"Tafuna! Usimeze, tema kwenye kijiko!"

Sauti ilitoka jikoni, kwenye nyumba ya madada wa chuo. Nikasimama koridoni na keki yangu ya pichi mkononi. Nikachungulia...

Jamani!

Wasichana wamepiga magoti kwenye vigae, mstari mmoja. Wa kwanza anatafuna yai na samaki wa kopo, anatema kwenye kijiko. Wa pili anakipokea kilekile alichotema mwenzake, anatafuna, anatema. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Na wa mwisho ndiye anayemeza!

Hata sasa naandika huku nasikia kinyaa.

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale.

Binti yangu Marlena alianzia chuo kule Ohio, kaskazini mwa Marekani. Akaingia chama cha wasichana, wenyewe wanaitana dada. Alinipigia simu anacheka. "Mama, tumevishwa mashada, tumeshika mishumaa, tumeimba!" Nililia kwa furaha. Mimi shule niliachia njiani, mwanangu anavishwa mashada!

Mwaka huu kahamia hapa kwetu Mississippi, kusini, tawi jingine la chama kilekile. Hapo ndipo hofu iliponianza. Matawi hayafanani, kila upande una mambo yake. Wa Kusini huku nilisikia wanakupima kwa gauni, nywele, na baba yako ni nani. Na mtoto kakonda! Nikimuuliza...

"Mambo ya mila tu, Mama."

Mila gani inayomkondesha mtu? Jumapili, baada ya ibada, nikaenda mwenyewe.

Basi nikamtafuta kwenye ule mstari. Hayupo! Nikajua wameshammaliza. Nikapiga mlango teke.

"Mwanangu yuko wapi, nyie mashetani?"

Yule wa mwisho, kasichana kembamba kanaitwa Tilda, akatapika. Yote juu ya viatu vyangu vya kanisani!

Corinne, mwenyekiti wa tawi, akaja mbio kutoka sebuleni.

"Mama, samahani sana..."

"Samahani ya nini! Mwanangu kule Ohio kapokewa kwa mishumaa, nyie mnamlisha mate?"

Akanitazama kwa huruma. Huruma ile iliniuma kuliko tusi.

"Mama, mila yetu huku ni kuimba mlangoni na kunywa chai ya barafu. Basi. Hii imekuja mwaka huu. Tuliambiwa ndiyo mila yenyewe, ya tawi kongwe. Tukaona aibu kukataa."

"Mliambiwa na nani?"

Akaangalia nyuma ya mlango.

Marlena wangu alikuwa amesimama pale... na kopo la samaki mkononi!

"Mama, usinitolee macho hivyo. Ohio mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kwenye mstari. Nilimeza. Na wao wameze."

"Na mishumaa je?"

"Ilikuwepo. Baada ya kusukutua mdomo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia kwa furaha. Ningeanzia wapi?"

Tilda bado anatapika, na binti yangu hata hamwangalii!

"Chukua kitambaa umfute."

"Mama bwana, unaniaibisha mbele ya wenzangu!"

"Mfute!"

Hakumfuta. Aliweka kopo mezani, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Nikamfuta mimi.

Jumatatu nilikwenda chuoni, nikasema yote, ya huku na ya Ohio. Wamemsimamisha masomo muhula mzima. Yuko nyumbani, hanisemeshi. Ndugu zangu wananiambia, "Umemchoma mwanao mwenyewe!" Sawa. Ningenyamaza, mwakani Tilda naye angeshika kopo.

Wazazi wenzangu, mtoto akikwambia wamemvisha mashada, usikimbilie kulia. Muulize kabla ya mashada walimfanya nini. Akishajibu, usikate simu. Muulize na yeye anawafanya nini wenzake.

Mimi nilikwenda kumwokoa mwanangu kwenye uchafu. Kumbe wa kuokolewa walikuwa watoto wa wenzangu... kutoka kwa wangu.